Mtandao wa simu unahama. Umeme je?

Makamanda, tuanze na swali dogo. Ukichoshwa na mtandao wako wa simu, unafanyaje? Unahama. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama na namba yako ile ile, huna haja ya kumtangazia mtu kwamba umebadilisha laini. Bando likipanda huku, unaangalia kule. Ndiyo maana kampuni za simu zinatubembeleza na meseji za ofa asubuhi, mchana na usiku. Zinajua mlango uko wazi na mteja ana miguu.

Sasa ukichoshwa na umeme unafanyaje? Unalalamika kwenye grupu la WhatsApp, mwenye jenereta anawasha jenereta, asiye nayo anafunga frem na kwenda nyumbani. Hakuna pa kuhamia.

Kila tukizungumzia umeme kwenye chama tunazungumzia mambo mawili: kukatika na bei. Yote mawili ni ya kweli. Ila leo nataka tuongelee jambo la tatu ambalo ndilo linazaa hayo mawili, nalo ni kwamba mfanyabiashara wa Tanzania hana haki ya kuhama. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba haki hiyo tuliahidiwa, kwa maandishi, na tarehe ikawekwa. Tarehe imepita kimya kimya.

Ile elfu moja inakwenda wapi

Kila mwenye mita ya LUKU anaijua hii hesabu hata kama hajawahi kuipigia. Elfu moja inakupa uniti 2.8. Kwa nini? Kwa agizo la bei la EWURA lililoanza Aprili 2016, mteja wa kundi T1 anauziwa uniti moja kwa shilingi 292. Juu yake inawekwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla inafika shilingi 356 na senti. Gawa elfu moja kwa hiyo, unapata 2.8.

T1 ni nani? Ni dada wa saluni, fundi wa kuchomelea mageti, muuza juisi mwenye friji mbili, kijana wa stationery mwenye mashine ya fotokopi. Yaani ni sisi. Kiwanda kinachochukua umeme kwenye msongo wa kati, kundi la T3-MV, kinauziwa uniti kwa shilingi 157, kisha kinalipia na uwezo wa juu kilioutumia mwezi huo. Tuwe wakweli, ipo sababu ya kitaalamu: mteja wa aina hiyo anachukua umeme karibu na chanzo na hasara ya njiani inapungua. Sawa. Lakini angalia na hili la VAT. Kiwanda kimesajiliwa VAT, kwa hiyo ile asilimia 18 kinairudisha kwenye hesabu zake. Dada wa saluni hajasajiliwa, haidai kokote, inamkaa yeye. Anayepata kidogo ndiye anayelipa uniti ghali na hana pa kuidai kodi.

Kwenye biashara yoyote nyingine mtu huyu angekuwa na silaha moja ya kawaida kabisa: kulinganisha. Anaulizia mchele Tandale, anaulizia Manzese, ananunua panapomfaa. Kwenye umeme silaha hiyo haipo.

Kuhama muuzaji ni kitu gani hasa

Kuna wanaodhani ushindani kwenye umeme maana yake ni kampuni tano zinazosimika nguzo tano kwenye mtaa mmoja. Hapana. Nguzo na nyaya zinabaki zile zile, na mwenye kuzitunza ni mmoja. Kinachobadilika ni nani anayekuuzia umeme unaopita humo.

Uingereza ilifungua mlango huo kwa hatua. Mwaka 1990 ilianza na wateja wakubwa tu, wa zaidi ya megawati moja. Mwaka 1994 ikashuka kwa wa kati, na kufikia 1999 hata mwenye nyumba ndogo akaweza kuchagua. Leo mwenye duka la mikate kule anaweka mikataba mitatu mezani, anaangalia bei ya uniti, anaangalia malipo ya kila siku ambayo hulipwa hata kama hujawasha taa, anaangalia mkataba unamfunga miezi mingapi, kisha anachagua. Hakuna fundi anayekuja kubadilisha waya. Kinachobadilika ni jina kwenye bili.

Sisemi ni peponi. Gesi ilipopanda bei mwaka 2021, wauzaji wengi wadogo kule walifilisika, na gharama ya kuwahamisha wateja wao ikabebwa na wateja wote. Kwa hiyo ushindani bila mdhibiti mkali ni balaa lingine. Ila tofauti ni hii: muuzaji akifilisika kule, mteja anahamishiwa kwa mwingine na taa inaendelea kuwaka. Hapa muuzaji akikosea hesabu zake, tunakaa naye gizani wote.

Serikali yenyewe inalinganisha

Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, upite Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu iliyotolewa ni kwamba umeme unaozalishwa kusini ukisafirishwa hadi kaskazini unapotea mwingi njiani, na hasara hiyo ina gharama.

Mitandaoni watu walicheka sana. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 hili hapa, na Machi 2024 tuliambiwa mitambo kadhaa ya maji imezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji, halafu tunakwenda kununua nje? Mimi naona hoja yenyewe ya kununua panapofaa si ya kuchekwa. Kwa miaka mingi Kagera imetumia umeme wa Uganda, na Rukwa ikatumia wa Zambia, kwa sababu hiyo hiyo ya umbali. Ndivyo mnunuzi mwenye akili anavyofanya: analinganisha gharama mpaka mlangoni, na kama wa jirani unamfaa zaidi, anachukua wa jirani.

Swali langu ni moja tu. Kama serikali inaruhusiwa kusema "huyu hanifai, nachukua kwa yule", kwa nini mwenye kiwanda cha kusindika alizeti Singida asiruhusiwe? Hekima ya mnunuzi inakuwaje halali Dodoma na haramu Singida?

Ahadi ya 2014

Hapa ndipo nawaomba muwe makini, maana mjadala huu tumeuacha utupite.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya ukiritimba wa milele. Inampa Waziri mamlaka ya kuupanga upya muundo wa sekta ili kukuza ushindani na kuvutia mitaji. Mwaka 2014 serikali hii hii ya CCM ikatoa mkakati wa mageuzi ya sekta ya umeme wa 2014 hadi 2025. Mkakati ule uliweka ngazi. Kwanza, uzalishaji utenganishwe na usafirishaji na usambazaji. Kisha usambazaji utenganishwe na usafirishaji. Mwisho kabisa, kufikia 2025, kuwe na kampuni zaidi ya moja za usambazaji na soko la reja reja lenye ushindani. Soko la reja reja, makamanda, ni wewe na mimi. Maana yake ni kulinganisha na kuhama.

Mwaka 2025 umefika na umepita. TANESCO bado inazalisha sehemu kubwa ya umeme, inausafirisha na inausambaza. Mzalishaji binafsi wa gridi akija, mnunuzi wake ni yule yule mmoja. Huko Zanzibar ZECO wana shirika lao, lakini umeme wanaununua kwa jumla TANESCO kupitia nyaya za chini ya bahari.

Serikali inaweza kubadilisha mawazo, hilo ni haki yake. Lakini ukiwa umewaahidi wananchi jambo kwa waraka rasmi wenye ratiba, ukilibadilisha unatakiwa usimame uwaambie umelibadilisha na kwa nini. Darasani tunafundishwa kwamba mtu aliyepanga mambo yake kwa kuitegemea ahadi ya mamlaka ana haki ya kusikilizwa kabla ahadi haijafutwa. Hata tukiiacha mahakama pembeni, kisiasa hilo ni deni, na kazi ya upinzani ni kudai madeni.

"Kwa hiyo mnataka kuuza TANESCO?"

Hili swali litakuja, tena kwa kejeli, kwa hiyo tulijibu sisi kwanza. Hapana.

TTCL ilikuwa peke yake kwenye simu za mezani hadi 2005 ukiritimba wake ulipoisha. Haikuuzwa kwa mnada wala haikufa. Ipo hadi leo, mali ya umma, inashindana. Wapo wanaosema imechechemea, na ni kweli, lakini jiulize: ungependa kurudi wakati wa kusubiri laini kwa miezi ili tu TTCL isipate shida? Nyaya za umeme, hasa njia kuu za usafirishaji, zibaki za umma. Tunachotaka ni nyaya hizo ziwe barabara: aliye na leseni apite, alipe ada iliyopangwa na EWURA, auze.

Na tusijidanganye kwamba neno "binafsi" ni dawa. IPTL ilikuwa binafsi, mkataba wake ulisainiwa 1995. Richmond ilikuwa binafsi, na Februari 2008 iliondoka na Waziri Mkuu. Tegeta Escrow ililitikisa Bunge mwaka 2014. Lakini tazameni vizuri kashfa zile zilifananaje. Mzalishaji hakuwa anashindana kumpata mteja. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja wa kusaini, na akishasaini, TANESCO inalipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo mtambo haukuwashwa, na bili inarudi kwa dada wa saluni ambaye mkataba hajawahi kuuona. Mahali ambapo mnunuzi ni mmoja na mkataba ni siri, ufisadi una anwani ya kupelekea mzigo. Wanunuzi wakiwa wengi na mikataba ikiwa wazi, anwani hiyo inapotea.

Majirani nao wana somo. Uganda walilivunja shirika lao la umeme vipande vitatu mwaka 2001, na 2005 usambazaji wakaukabidhi kwa Umeme hadi mkataba ulipoisha Machi 2025 na serikali kuurudisha mikononi mwake. Kwa miaka yote ile ishirini, mwenye duka wa Kampala hakuwa na pa kuhamia. Alibadilishiwa bosi tu. Kenya nao Sheria yao ya Nishati ya 2019 imefungua mlango wa wauzaji wengine, lakini mteja wa kawaida bado ni wa Kenya Power. Somo ni kwamba kuvunja shirika vipande si mageuzi. Mageuzi yanaanza siku mteja anapoweza kusema hapana.

Bei ya kushangiliwa

Desemba 2016 EWURA iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa asilimia 8.5. Serikali ikalisimamisha ongezeko hilo, na siku ya kwanza ya 2017 Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Nchi nzima ilishangilia. Na nani asingeshangilia? Mimi pia napenda umeme wa bei nafuu.

Lakini tutafakari kidogo. EWURA imewekwa kwa sheria ili bei zipangwe kwa hesabu na kwa kusikiliza wadau hadharani. Kama mdhibiti akipanga na mkubwa akifuta usiku huo huo, basi hatuna mdhibiti. Tuna mtu mmoja mwenye huruma leo, na kesho anaweza asiwe na huruma. Na shirika lililozuiwa kupandisha bei bila kupewa fidia linapunguza wapi? Linapunguza kwenye matengenezo. Transfoma haibadilishwi, nguzo iliyooza inaachwa. Bei haikupanda kwenye tokeni, imepanda kwenye mafuta ya jenereta, kwenye samaki walioharibika frijini, kwenye kompyuta iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu. Hiyo bei hakuna agizo la EWURA linaloionyesha.

Wakati tunadai, usikae bure

Siasa ni muhimu ila kodi ya frem haisubiri siasa. Muuzaji huwezi kumbadilisha leo. Kuna vitu vidogo unaweza.

*Jua kundi lako.* Ukitumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwenye msongo mdogo, unaingia T2. Hapo uniti ni shilingi 195, lakini unalipia pia shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chako cha mwezi, na shilingi 14,233 za huduma. Wengi wanasikia 195 wanafurahi, hawapigi hesabu ya kilele.

Tuipige. Mwenye mashine za kusaga na kukoboa anatumia uniti 8,000. Kwa bei ya T1 angelipa shilingi 2,336,000 kabla ya kodi na tozo. Akiwa T2 na kilele chake ni kVA 35, analipa 2,099,373. Ameokoa zaidi ya laki mbili. Lakini kama asubuhi anawasha mashine zote kwa mpigo na kilele kikaruka hadi kVA 60, bili inakuwa 2,474,473. Uniti ni zile zile 8,000, ila amelipa zaidi ya ambavyo angelipa T1. Kwa matumizi hayo, mpaka wa faida na hasara uko karibu na kVA 50. Kwa hiyo washa mashine kwa zamu, na mwite fundi mwenye sifa akukague kama mota zako zinahitaji kapasita za kupunguza kVA.

*Jua mita ni ya nani.* Kwenye frem nyingi mita ni moja na mwenye nyumba ndiye anayegawa bei. Bei ya T1 pamoja na kodi na tozo ni shilingi 356. Ukiona unatozwa 500 au 600 kwa uniti, una haki ya kuuliza hiyo nyingine ni ya nini. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, ulizia mita yako peke yako.

*Sola ya mchana.* Mtambo wa chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya uzalishaji ya EWURA. Saluni au ofisi inayofanya kazi jua likiwa juu inaweza kupunguza uniti za gridi bila kuhama popote. Makampuni makubwa hayakusubiri: Dangote pale Mtwara ana mtambo wake. Kwa mdogo, kikwazo ni mtaji wa kuanzia, na hapo ndipo vikundi vyetu vya vijana vinaweza kununua kwa pamoja.

*Lalamika kwa maandishi.* Anza na TANESCO, chukua namba ya lalamiko. Usiporidhika, nenda EWURA, na uamuzi wa EWURA unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kukusemea. Lalamiko la mdomo dirishani hupotea kirahisi. Lalamiko lenye namba lipo.

Tunachodai

1. Serikali itamke hadharani mkakati wa 2014–2025 umeishia wapi: umetekelezwa, umeahirishwa au umefutwa. Na kama umefutwa, nani aliufuta na kwa sababu gani.

2. Mikataba yote ya kununua umeme, ya ndani na ya nje, pamoja na huo wa Ethiopia, iwekwe wazi Bungeni na kwa wananchi.

3. Usafirishaji utenganishwe na TANESCO, ubaki wa umma, na ada ya kupitisha umeme ipangwe na kutangazwa.

4. Mlango wa kuhama ufunguliwe kwa hatua, na ratiba iwe ya kisheria. Wakianza na wakubwa, sawa, lakini siku ya dada wa saluni iandikwe kwenye sheria, isiachwe kwenye hotuba.

5. EWURA ipewe ulinzi wa kweli, ili bei isipandishwe wala kushushwa kwa simu ya mtu.

Kwenye mikutano yetu ya kata tumezoea kuuliza "umeme utaacha lini kukatika?" Tuendelee kuuliza. Ila kuanzia sasa tuongeze na swali la pili, kwa mbunge, kwa diwani, kwa Waziri akipita: "Mlituahidi kuchagua muuzaji kufikia 2025. Tarehe mpya ni ipi?" Akijibu, andika tarehe. Asipojibu, andika hivyo hivyo kwamba hakujibu, jina lake na siku, kisha ilete hapa tuichapishe.